“Nyumba inajilipa”: inajilipaje hasa?

Anayeuza nyumba ya kupangisha kwa mtu anayeanza uwekezaji haachi kuwa na sentensi hii mdomoni: hii nyumba inajilipa yenyewe. Dalali anaisema, jamaa aliyenunua mwaka juzi anaisema, na wanaofundisha uwekezaji mtandaoni wanaisema bila hata kumeza mate. Ukiuliza inajilipaje, unajibiwa kwamba kodi ya mwezi ni kubwa kuliko rejesho la benki. Basi, mjadala umekwisha.

Maana yake ni fupi. Nyumba inajilipa pale ambapo mapato ya kodi, yakishatolewa gharama zote za kuiendesha, yanatosha kulipa marejesho ya mkopo bila mwenye nyumba kuongeza hata senti kutoka mfukoni. Wanaolitumia neno hili vibaya huyaruka maneno ya katikati, yale ya gharama, na humo ndimo pesa inamopotelea.

Tuchukue nyumba ya 100,000, ya sarafu yoyote uitakayo. Mnunuzi anatanguliza 20,000 na kukopa 80,000 kwa riba ya asilimia 9, alipe kwa miaka 20. Rejesho lake linakuja kama 720 kwa mwezi. Kodi ya pango ni 1,000. Mtu wetu anatoa 720 kwenye 1,000, anabakiwa na 280, anaanza kutafuta nyumba ya pili.

Mpangaji anapohama, nyumba haipati mwingine siku hiyohiyo. Kuna kupaka rangi upya, kubadilisha vitasa, kuziba bomba ambalo aliyehama hakulisema, na kungoja. Mwezi mmoja mtupu kwa mwaka ni makadirio ya kawaida tu, na tayari 12,000 ya mwaka imekuwa 11,000. Msimamizi akichukua asilimia 10 ya kinachokusanywa, inabaki 9,900. Tenga 1,200 kwa matengenezo, ibaki 8,700. Kodi ya majengo na bima tuseme 900. Kilichobaki ni 7,800 kwa mwaka. Hicho ndicho pato halisi la uendeshaji, na hapo benki bado haijaguswa.

Marejesho ya mwaka ni kama 8,637. Nyumba “inayojilipa” inamdai mwenyewe 837 kila mwaka, karibu 70 kwa mwezi.

Hapa ndipo ninapokatizwa: mimi nitaisimamia mwenyewe, hilo la msimamizi lifute. Sawa, lakini ukilifuta usiseme nyumba imejilipa. Wewe ndiye uliyeilipa, kwa Jumamosi zako na simu za saa tano usiku. Na paa haliharibiki kwa mafungu ya mwezi. Linakaa kimya miaka mingi, kisha linadai lote kwa mkupuo. Asiyelitengea chochote huiona nyumba yake ina ziada hadi siku hiyo.

Wakopeshaji wa majengo ya biashara hawana haja ya kubishana juu ya hili. Wao hugawanya pato halisi kwa marejesho ya mwaka, na wengi hutaka jibu lisipungue 1.2 au 1.25, yaani kwa kila 1 inayokwenda kwenye deni nyumba iwe imeingiza angalau 1.2. Nyumba yetu inatoa 0.9. Kwa kipimo cha 1.25, pato la 7,800 linabeba marejesho ya 6,240 kwa mwaka, na kwa riba na muda uleule huo ni mkopo wa kama 57,800. Mnunuzi angehitaji kutanguliza zaidi ya 42,000, siyo 20,000. Ndiyo maana anayeanza hushangaa benki ikimpunguzia mkopo kwenye nyumba aliyohakikishiwa kwamba haina shida. Anadhani wamemdharau. Wamefanya hesabu tu.

Hata hivyo, kinachoniudhi zaidi si gharama zinazosahauliwa. Ni kule kusema kujilipa ni sifa ya nyumba, kama idadi ya vyumba. Mwekezaji mwingine akiinunua nyumba hiihii kwa pesa taslimu, kila mwaka inamwachia 7,800. Kuta ni zilezile na mpangaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni namna ilivyolipiwa.

Kisha angalia linalotokea ukiusogeza muda wa mkopo tu. Zile 80,000, riba ileile ya asilimia 9, lakini kwa miaka 30: rejesho linashuka hadi kama 644 kwa mwezi, 7,724 kwa mwaka. Ghafla nyumba inabakiza 76 kwa mwaka. Sasa inajilipa! Hakuna aliyepandisha kodi wala kupunguza gharama. Ila jumla ya riba katika miaka 20 ingekuwa karibu 92,700, na katika miaka 30 inafika karibu 151,700. Mnunuzi amelipa kama 59,000 ya ziada ili apate haki ya kutamka sentensi ile. Sisemi ni kosa kurefusha mkopo. Asiye na akiba ya kuziba pengo la kila mwezi huenda hana njia nyingine, na nyumba iliyonadiwa kwa kuchelewesha marejesho haimfaidii mtu. Lakini ajue amenunua nafasi ya kupumua, na bei yake ni hiyo.

Kinyume chake pia kipo. Mkopo wa riba inayobadilika ukipanda kutoka asilimia 9 hadi 11, rejesho la miaka 20 linaruka kutoka 720 hadi karibu 826, huku mkataba wa mpangaji ukiwa umefungwa hadi mwisho wa mwaka. Iliyokuwa ikijilipa Januari inaweza kuacha ifikapo Machi, na hakuna ufa hata mmoja ukutani.

Watetezi wana hoja moja nzuri, na niwape haki yao: sehemu ya rejesho inapunguza deni, kwa hiyo mpangaji anakununulia nyumba polepole. Ni kweli. Lakini rejesho la kwanza la mkopo wa miaka 20 lina riba 600 na deni linapungua kwa 120 tu. Mwaka mzima wa kwanza deni linapungua kwa kama 1,500. Ukirefusha hadi miaka 30, ni kama 550. Hiyo ni mali inayokua, na inastahili kuhesabiwa, ila kwenye safu yake. Fundi bomba hapokei malipo kwa kupungua kwa deni lako. Ili uiguse pesa hiyo utauza au utakopa tena, na yote mawili yana gharama zake.

Kwa hiyo, ndugu, kama unachojua ni kwamba kodi ya pango inazidi rejesho, sema hivyohivyo: kodi inazidi rejesho. Ni habari njema na haihitaji kuongezwa chumvi. Ukitaka kusema inajilipa, taja na mkopo wake: kiasi gani, riba gani, miaka mingapi, na gharama zipi zimeshatolewa. Na anayekuuzia akikutajia neno hilo, mwombe kwa upole karatasi ya matumizi ya miezi 12 iliyopita, ikiwemo miezi ambayo haikuwa na mpangaji.