Watawa wa Japani waliokataa vita, na madhehebu yaliyowakana

Kila ninapofundisha historia ya Ubudha, hakosekani mwanafunzi anayeamini kwamba dini hii haijawahi kubariki vita. Huyo mimi humpeleka moja kwa moja Japani.

Baada ya 1868, serikali mpya ya mfalme Meiji iliipa Shinto, dini ya jadi ya Japani, nafasi ya juu. Mahekalu mengi ya Kibudha yakavunjwa, na watawa wengi wakalazimishwa kuacha utawa. Waliosalia wakaona njia moja ya kupona: dini ionekane ina faida kwa taifa. Wakahubiri utii kwa mfalme, wakafuatana na majeshi hadi vitani. Ilipofika Vita vya Pili vya Dunia, kengele za mahekalu zilishushwa zikayeyushwe kutengeneza silaha.

Waliokataa walikuwa wachache mno. Uchiyama Gudō, mtawa wa Sōtō, dhehebu la Zen ambayo ni tawi la Ubudha, alitunza hekalu dogo la Rinsenji huko Hakone, milimani, kati ya wakulima mafukara. Mwaka 1908 alichapa kwa siri, humo humo hekaluni, kijitabu kilichowaambia kwamba mfalme si mungu, na kwamba wakatae kodi na jeshi. Alikamatwa 1909. Dhehebu lake likamfukuza 1910, halikungoja hata ahukumiwe kifo. Alinyongwa Januari 1911.

Mtawa mwingine, Takenaka Shōgen, hakuchapa chochote. Septemba 1937, vita na China vikiwa vimepamba moto, mzee huyu wa karibu miaka 70 alikuwa kwenye msafara wa kuwasindikiza vijana walioitwa jeshini, mkoani Gifu. Njiani akawaambia wenzake kwamba vita ni uhalifu, tena ni adui wa binadamu. Maneno hayo tu yakamfikisha mahakamani kwa kosa la kueneza uvumi, akatiwa hatiani. Dhehebu lake la Kibudha, liitwalo Ōtani, nalo likamshusha cheo. Hapo ndipo huniuma zaidi: serikali ya kijeshi ilifanya kama ilivyotarajiwa, lakini hawa walikuwa ndugu zake wa imani.

Sōtō lilimrudishia Uchiyama heshima yake 1993. Ōtani lilimsafisha Takenaka 2007. Mwaka 1992 Sōtō lilikuwa limetoa tamko la toba, likikiri kwamba wamisionari wake walishirikiana na ukoloni wa Japani barani Asia. Tamko hilo mimi huwasomesha wanafunzi wangu wote, kwa sababu linataja kosa lenyewe badala ya kulia tu kwamba vita ni vibaya.