Kusanidi draiva za kerneli: maana yake, na kwa nini kishikwambi kinasumbua kuliko laptopu

Kerneli ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya programu na vifaa. Kivinjari chako hakijui kuongea na kadi ya Wi-Fi. Kinaiomba kerneli, nayo kerneli inaikabidhi kazi hiyo sehemu yake inayoijua kadi. Sehemu hiyo ndiyo draiva. Kusanidi draiva ni kuamua zipi ziwepo, zikae wapi, zishike vifaa gani na zifanye kazi kwa masharti gani.

Mifano yote hapa ni ya Linux, kwa kuwa huko kila kitu kiko wazi kwa anayetaka kukichungulia. Kerneli hiyo, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, ndiyo iliyomo pia ndani ya Android na Chromebook, kwa hiyo huenda unayo mfukoni sasa hivi hata kama hujawahi kuigusa kwenye kompyuta. Zaidi ya nusu ya msimbo wake ni draiva tupu.

Mtu akilalamika kwamba "draiva haipo", anaweza kuwa anasema moja kati ya mambo matatu yasiyofanana. Huenda draiva haikujengwa kabisa. Huenda ipo kwenye diski lakini haijakutanishwa na kifaa chake. Au imeshakishika kifaa lakini imekosa kitu cha kukifanyia kazi. Ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni unatibu la kwanza hata pale mgonjwa anapougua la tatu, na ndiyo maana watu wanajenga kerneli usiku kucha kisha asubuhi tachipadi bado imelala.

Tuanze na kujenga. Maamuzi yote ya ujenzi yanaandikwa kwenye faili moja liitwalo .config, na kila draiva ina mstari wake. Ukiandika

CONFIG_IWLWIFI=m

umesema draiva ya kadi za Wi-Fi za Intel ijengwe kama moduli, yaani faili la pembeni linalokaa chini ya /lib/modules na kupakiwa likihitajika. Ukiweka y badala ya m, draiva inaunganishwa ndani ya kerneli yenyewe na inakuwepo tangu sekunde ya kwanza. Ukiikataa, haijengwi. Mifumo kama Ubuntu, Debian na Fedora huchagua m kwa draiva nyingi mno, kwa sababu hawajui utaiweka kwenye mashine gani.

Tofauti ya y na m huonekana ndogo mpaka ifike kwenye diski. Draiva ya diski ikiwa moduli, na moduli yenyewe imehifadhiwa kwenye diski hiyohiyo, nani atamfungulia mwenzake? Suluhisho ni initramfs, furushi dogo la faili ambalo hupakiwa kwenye kumbukumbu pamoja na kerneli na kubeba moduli za kuanzia. Ukisahau kulitengeneza, au ukiacha draiva inayohitajika, kerneli inasimama na ujumbe huu:

VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni zina mtego wa ziada hapo. Diski ya NVMe (aina ya SSD ya kasi) hufichwa nyuma ya kidhibiti cha Intel kinachoitwa VMD, na mtu aliyewasha draiva ya NVMe peke yake bila CONFIG_VMD hataiona diski hata akiapa.

Kuchagua kwenyewe hufanywa kwa make menuconfig, menyu ya maandishi yenye maelfu ya chaguo. Chaguo unalolitafuta likikosekana kwenye menyu, usidhani limefutwa. Mara nyingi limefichwa kwa sababu kitu linachokitegemea hakijawashwa. Bonyeza alama ya mkwaju (/), andika jina lake, utaonyeshwa linategemea nini na kila tegemeo liko katika hali gani.

Jambo la pili, kukutanisha draiva na kifaa, ndilo lenye utamu. Vifaa vilivyo kwenye njia za PCI na USB vina adabu ya kujitambulisha. Kila kimoja kina namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa. Fungua terminali uandike lspci -nnk, na kwenye laptopu yenye kadi ya zamani ya Intel 7260 utaona jina la kadi likifuatwa na [8086:08b1], na chini yake draiva inayoishika, iwlwifi. Hiyo 8086 ndiyo namba ya Intel. Walijichukulia jina la prosesa yao maarufu ya 1978. Moduli nayo hubeba orodha ya namba inazozikubali, na modinfo iwlwifi itakumwagia zote. Kifaa kikitangaza namba yake, mfumo unaitafuta kwenye orodha, unapata moduli, unaipakia. Wewe hukufanya lolote.

Ndiyo maana laptopu za kiofisi za mtumba, zile ThinkPad na Latitude zinazouzwa kama ex-UK Nairobi au kupangwa kwenye maduka ya Kariakoo, huwa hazina shida kubwa na Linux. Sehemu kubwa ya vifaa vyake hujitambulisha, na walioziandikia draiva walishafanya hivyo miaka mingi iliyopita.

Sasa njoo kwenye tachipadi ya laptopu mpya. Nyingi ziko kwenye njia ya I2C, nyaya mbili tu za mawasiliano, na I2C haina utaratibu wa kifaa kujitambulisha. Kerneli ikiuliza "nani yuko hapo?" hakuna jibu la kuaminika. Kwa hiyo mtu wa tatu lazima aseme. Kwenye kompyuta za Intel na AMD huyo ni ACPI, majedwali yaliyoandikwa na mtengenezaji ndani ya fimweya, yaani programu ya ndani, ya ubao mama. Jedwali linasema: kwenye njia fulani ya I2C, anwani fulani, kuna kifaa cha aina ya PNP0C50, yaani kifaa cha kuingizia data kinachofuata kanuni ya HID juu ya I2C.

Ili mshale usogee, hapo zinahitajika draiva kadhaa kwa mnyororo. Kwenye mashine ya Intel unahitaji ya kidhibiti chenyewe cha I2C (CONFIG_MFD_INTEL_LPSS_PCI pamoja na CONFIG_I2C_DESIGNWARE_PLATFORM), ya pini za chipu ambazo tachipadi huzitumia kuita "nimeguswa" (kwa mfano CONFIG_PINCTRL_TIGERLAKE, kulingana na kizazi cha prosesa), kisha CONFIG_I2C_HID_ACPI, na mwisho CONFIG_HID_MULTITOUCH inayoelewa vidole zaidi ya kimoja. Kikikatika kiungo kimoja, mnyororo mzima umekatika. Anayesahaulika zaidi ni yule wa pini, kwa sababu jina lake halina hata harufu ya tachipadi.

Kwenye vishikwambi mambo yanazidi, maana karibu kila kitu kiko kwenye I2C: skrini ya kugusa, kihisi cha mwelekeo, kihisi cha mwanga, hata chipu ya kuchaji. Mfano mzuri ni vile vishikwambi vya bei nafuu vilivyotoka na Windows 8.1 juu ya prosesa za Intel Atom za kizazi cha Bay Trail, kuanzia 2013. Prosesa ni ya biti 64, lakini vingi viliwekewa fimweya ya UEFI (ile inayowasha mashine) ya biti 32, kwa hiyo kerneli ya biti 64 haiwaki humo mpaka ijengwe na CONFIG_EFI_MIXED. Hapo bado hujagusa skrini.

Skrini ya vingi kati ya hivyo inaendeshwa na chipu ya Silead. Unawasha CONFIG_TOUCHSCREEN_SILEAD, ACPI inatangaza kifaa MSSL1680, draiva inakishika, kisha unaangalia dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, na kukuta:

Direct firmware load for silead/mssl1680.fw failed with error -2

Ile -2 maana yake faili halipo. Hapa tumeingia kwenye jambo la tatu. Draiva ipo na imekutana na kifaa, ila chipu yenyewe haina mahali pa kuhifadhi programu yake ya ndani, kwa hiyo kila inapowashwa lazima ilishwe fimweya upya kutoka /lib/firmware. Na fimweya hiyo inatofautiana kati ya kishikwambi na kishikwambi hata chipu ikiwa moja, kwa sababu vioo vinatofautiana. Ukiweka isiyo yake, unagusa kona ya juu kulia na kitufe kinabonyezwa chini kushoto. Ili kumaliza hilo, ndani ya kerneli kuna faili touchscreen_dmi.c, ambalo ni orodha ndefu ya vishikwambi vinavyotambuliwa kwa majina yaliyoandikwa kwenye BIOS zao. Kila kimoja kimewekewa upana wa skrini, urefu, kama mhimili umegeuzwa, na jina la faili lake la fimweya. Huwashwa kwa CONFIG_TOUCHSCREEN_DMI. Kama chako hakimo, kuwasha na kuzima draiva hakutasaidia. Kinachohitajika ni kuongeza mistari yake. Binafsi naona faili hilo lingesomwa na kila anayeamini kwamba vifaa vya bei nafuu hufanya kazi vyenyewe.

Vishikwambi vyenye prosesa za ARM, yaani karibu vyote vya Android, kwa kawaida havina ACPI. Zamani maelezo ya kila ubao yaliandikwa moja kwa moja ndani ya msimbo wa kerneli, na rundo lilikua hadi Torvalds akalipuka hadharani mwaka 2011. Ulimwengu wa ARM ukahamia kwenye devicetree, faili la pembeni linaloeleza ubao. Skrini ya Goodix, kwa mfano, inatajwa hivi:

touchscreen@5d {
    compatible = "goodix,gt911";
    reg = <0x5d>;
    touchscreen-inverted-x;
};

Neno compatible ndilo linaloita draiva, reg ni anwani kwenye I2C, na mstari wa mwisho unasema kulia na kushoto vimegeuzwa. (Kwenye faili halisi huwa kuna mistari zaidi, ikiwemo pini ya kuitia kerneli.) Unaweza kuwa na draiva sahihi na bado skrini ikawa kipofu kwa sababu anwani iliyoandikwa ni 0x5d wakati chipu imewekwa kwenye 0x14.

Kwa miaka mingi kila kampuni ya Android ilichukua kerneli, ikabandika draiva zake na kubaki na toleo hilo. Ni sababu mojawapo ya vishikwambi vya zamani kukosa masasisho. Google imejaribu kulitatua kwa kerneli ya pamoja iitwayo GKI, ambapo draiva za kampuni hubaki pembeni kama moduli; vifaa vipya vya Android 12 vyenye kerneli 5.10 vilitakiwa kuitumia.

Kuna pia vigezo, vile vipimo vidogo unavyoipa draiva bila kuijenga upya. Tachipadi ya ThinkPad ya Synaptics inaweza kuamka kama kipanya cha kawaida, bila ishara za vidole vitatu, kwa kuwa inashikwa kupitia njia kongwe ya PS/2. Tiba huwa ni mstari mmoja ndani ya /etc/modprobe.d:

options psmouse synaptics_intertouch=1

Lakini mstari huo unasomwa tu draiva ikiwa moduli. Kama psmouse ilijengwa kwa y, lazima kigezo kiandikwe kwenye amri ya kuwashia kerneli, psmouse.synaptics_intertouch=1. Watu hupoteza jioni nzima hapo.

Kwenye laptopu zinazogeuka kuwa kishikwambi, kuna draiva kama intel-vbtn inayotangaza kama kibodi imekunjwa nyuma. Ikitangaza uongo, kibodi na tachipadi huzimwa na mfumo ukidhani umeshika kishikwambi. Hapo kibodi haina kosa, na kuijengea draiva nyingine ni kupoteza muda.

Ukiamua kujenga kerneli yako kwa mashine moja mahususi, make localmodconfig huangalia moduli zilizopakiwa wakati huo na kuzitupa nyingine zote. Ni ya haraka sana, lakini kifaa ambacho hakijachomekwa wakati huo kinaachwa nje. Chomeka kwanza modemu ya USB, kalamu ya kuchorea, kadi ya SD na kila unachokitumia, washa Bluetooth, ndipo uiendeshe. Na kama Secure Boot (ulinzi unaokubali programu zilizotiwa sahihi tu wakati wa kuwasha) imewashwa, moduli utakazozijenga mwenyewe zinaweza kukataliwa kwa ujumbe "Key was rejected by service" mpaka uzitie sahihi na kuusajili ufunguo wako kwa mokutil --import, kisha uwashe upya mashine na kuuthibitisha kwenye skrini ya bluu inayotokea kabla mfumo haujapanda.