Gari la Otomatiki Linapokataa Kuwaka

Gari la otomatiki likikataa kuwaka asubuhi, wengi wetu hapa Nairobi huita vijana walisukume au humtuma fundi akanunue betri. Kulisukuma hakusaidii, kwa kuwa giaboksi nyingi za otomatiki haziwezi kuizungusha injini kwa nguvu ya magurudumu. Ikiwa taa za mbele zinang'aa na hazififii unapozungusha ufunguo, lakini staata (mota inayoizungusha injini ili iwake) iko kimya kabisa, kifaa cha kushukiwa mapema ni swichi ya usalama wa gia.

Swichi hii kwa kawaida hufungwa ubavuni mwa giaboksi, na kazi yake ni kuruhusu umeme ufike kwenye staata pale tu gia ikiwa P (ya kuegesha) au N (huru). Kanyaga breki, vuta handibreki, peleka gia kwenye N, kisha jaribu tena. Injini ikiwaka kwenye N lakini ikakataa kwenye P, usikubali kuuziwa staata: ama kebo ya gia imelegea, ama swichi imesogea mahali pake, au imeingiwa na maji na kushika kutu ndani, jambo lisilo la ajabu kwa gari lililopita kwenye barabara zilizofurika wakati wa masika. Angalia pia kama taa za rivasi zinawaka, kwani katika magari mengi ni swichi hiyohiyo inayoziwasha. Kwa gari linalowashwa kwa kitufe badala ya ufunguo, hakikisha kwanza kuwa taa za breki zinawaka, maana swichi ya breki ikifa gari haliwaki.

Kinachosahaulika ni kwamba swichi hii huiarifu pia kompyuta ya gari uko kwenye gia gani. Injini nyingi za petroli zikishapata moto huzunguka takriban mara 600 hadi 800 kwa dakika gari likiwa limesimama. Ukiingiza D (gia ya kwenda mbele) mzigo huongezeka, na kompyuta hurekebisha hewa ili injini isizime. Taarifa hiyo ikikosekana, gari linaweza kutetemeka au kuzimika kwenye foleni ya Mombasa Road, ingawa mara nyingi zaidi chanzo huwa masizi kwenye mlango wa kuingizia hewa katika injini, nao usafishwe kwanza. Kuupandisha mzunguko hadi 1,200 ni kuficha ugonjwa, kwa sababu gia itaingia kwa kishindo na gari litavuta mbele lenyewe.

Ninalolipinga kabisa ni kuunganisha nyaya moja kwa moja ili kuikwepa swichi. Gari lililofanyiwa hivyo huweza kuwaka likiwa D na kuruka mbele papo hapo, labda katika ua wa ploti ambamo watoto wanacheza. Kabla ya kununua gari lililotumika, lipeleke mahali wazi, vuta handibreki, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia kwenye D injini ikiwa imezimwa, kisha zungusha ufunguo. Staata ikilia, usilipe hadi swichi irudishwe kazini.