Je, wajua kwa nini "afadhali wewe" haifuti machozi?

Mwanamke mmoja wa mtaani kwetu aliharibikiwa mimba ya miezi minne. Jirani akaja na chupa ya chai, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwambia: "Afadhali wewe, dada. Kuna mwenzio juzi kazika mtoto wa miaka minane." Yule mwanamke akavuta khanga hadi usoni. "Kweli, nashukuru Mungu." Mchana kutwa hakusema neno tena.

Jirani hakuwa na nia mbaya. Watu hujifariji kweli kwa kumtazama aliyezidiwa. Mwaka 1985 wanasaikolojia Joanne Wood, Shelley Taylor na Rosemary Lichtman walichapisha utafiti wao kuhusu wanawake 78 wa Marekani waliougua saratani ya matiti, na wengi walikuwa wakifanya hivyo. Aliyetolewa uvimbe tu alijiona ana nafuu kuliko aliyekatwa titi zima. Mtu mzima alimhurumia msichana. Mwenye mume alimhurumia asiye naye. Kila mmoja alimpata wa kumwonea huruma.

Lakini wale walijisemea wenyewe. Kauli hiyohiyo ikitoka kinywani mwa mwingine, mfiwa husikia kwamba machozi yake yamepita kiasi. Basi huongezewa aibu juu ya uchungu, hunyamaza, nasi tukadhani amepoa. Tena foleni hiyo haina mwisho: aliyezika mmoja ataambiwa yuko aliyezika wawili, na wa wawili ataonyeshwa wa watatu. Tukienda hivyo, dunia nzima atabaki mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kulia.

Kwa mimba iliyoharibika jambo hili huuma zaidi, maana mara nyingi hakuna turubai, hakuna tanga, wala kazini hakuna anayeuliza. Mwaka 1989 Kenneth Doka, msomi wa Marekani, aliandika juu ya majonzi ya namna hii, ambayo jamii haiyatambui wala haiyapi nafasi ya kuombolezwa. Wahenga wetu walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hawakutaja umri wa huyo mwana.

Jioni ile alifika shangazi yake. Alivua viatu, akakaa chini mkekani, akamshika mguu.

"Pole, mwanangu. Ulikuwa umeshaanza kumsikia akicheza?"

"Ndiyo, shangazi. Jumanne."

Hapo ndipo alipolia.