Manukuu 300 ya daktari, manukuu 30 ya mwanaisimu

Msimu wa maombi ya kupandishwa cheo ukikaribia, wahadhiri huja dawatini kwangu maktabani na karatasi waliyoichapa kutoka Google Scholar, huduma ya mtandaoni inayohesabu manukuu, yaani mara ambazo kazi zao zimetajwa na watafiti wengine. Wote huuliza jambo moja: "Namba zangu zinatosha?" Nami huwauliza: unalinganishwa na nani? Hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa, na yanawaumiza watu waliofanya kazi ya kweli.

Dhana potofu: mwenye indeksi ya h kubwa ndiye mtafiti bora

Indeksi hii aliibuni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha hesabu ukishuka: h yako ni nafasi ya mwisho ambayo makala yake imenukuliwa angalau mara nyingi kama namba ya nafasi hiyo. Tuseme zimenukuliwa mara 40, 12, 6, 3 na 1. Ya tatu ina manukuu 6, imevuka 3. Ya nne ina 3, haikufika 4. Basi h yako ni 3. Mwenzako ana makala tatu tu, kila moja imenukuliwa mara 3. Naye h yake ni 3. Ile makala yako ya manukuu 40 haikukupa kitu cha ziada. Isitoshe, h haishuki kwa kukaa kimya, hivyo aliyeanza zamani humtangulia kijana hata kama ameacha kuandika.

Hirsch mwenyewe alionyesha kuwa fani hazilingani. Kwa hesabu yake ya wakati ule, aliyeongoza katika fizikia alikuwa Edward Witten mwenye h ya 110. Katika baiolojia, Solomon Snyder mwenye 191. Pengo hilo halisemi nani kamzidi nani kwa ubora. Linaonyesha desturi za fani. Katika baiolojia na tiba watafiti ni wengi, huandika kwa timu, orodha zao za marejeleo ni ndefu, na makala huanza kunukuliwa mapema. Mwanahisabati huandika peke yake au na wenzake wachache, na uthibitisho wake waweza kukaa miaka kabla hajatokea wa kuutumia.

Hata kuhesabu makala tu kuna mtego wake. Mwaka 2015 timu za ATLAS na CMS za CERN, maabara ya fizikia huko Ulaya, zilitoa makala moja yenye waandishi 5,154. Kila mmoja wao akijihesabia makala nzima, na mwanahistoria aliyekaa miaka mitano na kitabu kimoja ahesabiwe kimoja, tumepima nini?

Dhana potofu: kisichoonekana Scopus hakina uzito

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Web of Science, ambayo mzizi wake ni faharasa aliyoianzisha Eugene Garfield huko Philadelphia mwaka 1964, na Scopus iliyokuja mwaka 2004, ni hifadhidata za kuhesabu manukuu zilizojengwa hasa juu ya majarida, na kwa sehemu kubwa ya Kiingereza. Mtu wa fasihi, isimu au historia huandika vitabu na sura za vitabu. Akiandika kwa Kiswahili ndiyo hatari zaidi, kwa sababu kazi nyingi za lugha hii hazimo humo kabisa.

Chukua Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mwaka 1981. Imekaa mezani kwa walimu, watangazaji na watafsiri kwa miongo. Nakala nilizoziona zimelegea jalada, kingo za kurasa zimegeuka kahawia kwa vidole. Wanaoifungua hawaandiki tanbihi, basi katika mashine ya kuhesabu manukuu matumizi yote hayo ni kama hayakuwapo.

Dhana potofu: jarida kubwa, makala nzuri

Impakti fakta (impact factor) ni wastani wa jarida: manukuu ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia. Makala chache hubeba wastani huo, nyingine zinapanda mgongoni mwao. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotokana na mkutano wa Desemba 2012, linashauri isitumike kumpima mtu mmoja mmoja.

Dhana potofu: kunukuliwa ni kusifiwa

Makala ya Andrew Wakefield kuhusu chanjo na usonji, iliyotoka katika jarida la tiba The Lancet mwaka 1998 na kuondolewa rasmi mwaka 2010, imenukuliwa sana, na wengi walioinukuu walikuwa wakiikosoa.

Dhana potofu: basi fani mbili haziwezi kulinganishwa kabisa

Zinaweza, ukibadilisha kipimo. Gawa manukuu ya makala kwa wastani wa makala za fani hiyo, za mwaka huo, za aina hiyo. Tuseme makala ya hisabati ina manukuu 10 na wastani wa fani yake ni 5: inapata 2.0. Makala ya tiba ina 30 na wastani wa kwao ni 40: inapata 0.75. Aliyeonekana mdogo kumbe kapita wenzake mara mbili. Lakini angalia mtafiti mwenye makala chache: moja ikivuma, huinua wastani wake wote. Ndiyo maana namba hii inataka mtu wa fani aliyezisoma kazi zenyewe akae kando yake.

Kabla ya yote hayo, hakikisha unachohesabiwa ni chako. Majina yetu hujirudia. Mhadhiri mmoja aliwahi kunijia na orodha ndefu ya kupendeza. Tulipoipitia, makala kadhaa zilikuwa za daktari wa mifugo mwenye jina kama lake, na sura zake mbili za kitabu hazikuwamo. Tulikaa asubuhi nzima tukifuta na kuongeza. Siku ile ile nilimfungulia ORCID, namba ya tarakimu 16 isiyolipiwa inayomtambulisha mtafiti mmoja tu, akaiandika chini ya jina lake katika muswada aliokuwa akiutuma.