Je, wajua kwa nini chura wa Kihansi hunyeshewa kwa mabomba?

Katika korongo la mto Kihansi, kwenye Milima ya Udzungwa nchini Tanzania, yamefungwa mabomba yenye vinyunyizio vinavyorusha rasharasha mahali pasipo shamba wala bustani. Wanaonyeshewa ni vyura wa manjano wasiozidi urefu wa sentimita 3, ambao hawajapata kuonekana wakiishi porini mahali pengine popote duniani.

Chura huyu aligunduliwa mwaka 1996, wakati mradi wa bwawa la umeme ulikuwa tayari umeanza. Makao yake yote yalikuwa takribani hekta 2, eneo linalokaribia viwanja vitatu vya mpira, chini ya maporomoko ambayo maji yake yalipopiga miamba yalitawanyika na kulowanisha majani na mimea midogo ya miambani mwaka mzima. Vyura wengi hutaga mayai majini na kupata viluwiluwi, lakini jike wa Kihansi hubeba mayai tumboni, yakaanguliwa humo humo, kisha akazaa vyura waliokamilika, wadogo mno. Kwa hiyo hakuhitaji dimbwi. Alichohitaji ni unyevu wa hewa usiokatika, na huo ulitoka kwenye maporomoko peke yake.

Mtambo ulipoanza kazi, takribani asilimia 90 ya maji ya mto ilielekezwa kwenye mitambo, na korongo likaanza kukauka. Sidhani kwamba ni haki kuulaumu umeme wenyewe, kwa kuwa nchi iliuhitaji sana. Kosa lilikuwa kuanza kujenga kabla ya kujua ni nani anayeishi pale chini. Ndipo vinyunyizio vikafungwa, na mwaka 2000 vyura 499 wakasafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, wawe akiba.

Mwanzoni mabomba yalifanya kazi vizuri kiasi kwamba mwaka 2003 vyura wa korongoni walikadiriwa kufikia 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa karibu wametoweka kabisa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni ugonjwa wa kuvu aina ya kitridi, ambao hushambulia ngozi, na kwa chura ngozi si kifuniko tu: ndiyo anayovutia hewa, maji na chumvi, hivyo ikiharibika moyo wake husimama. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Waliobaki walikuwa wale wa ughaibuni, na hata huko walifikia idadi ndogo ya kutisha kabla ya walezi wao kuelewa mwanga, chakula na unyevu uliowafaa. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wapatao 2,000 wakaachiwa korongoni. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa mnyama wa jamii ya vyura aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa alikotoka.

Hata hivyo, maporomoko hayajarudi kama yalivyokuwa. Chura anaweza kuzalishwa ndani ya visanduku vya kioo maelfu kwa maelfu, lakini hekta zile 2 hazizalishwi mahali pengine. Ndiyo maana mabomba yanapaswa kukaguliwa na kuzibuliwa kila mara, na kuvu bado imo korongoni.