Je, Wajua Kwa Nini Roboti Ndogo Huenda Kombo Ikirudi Nyuma?

Roboti ya magurudumu mawili na kigurudumu kimoja cha kuegemea, ile ya bei nafuu yenye mota za manjano ambayo wanafunzi wengi huanza nayo, ina tabia moja inayochosha. Ikienda mbele, inanyooka vizuri tu. Iamuru irudi nyuma: inatikisa kiuno, inapinda kidogo, kisha inanyooka tena, ila sasa imeelekea kwingine kabisa. Mwenyewe anafungua programu, anapunguza kasi ya mota ya kushoto, anaongeza ya kulia. Wapi! Mota hazina kosa. Mkorofi ni kile kigurudumu kidogo ambacho hakuna aliyekifikiria wakati wa kununua.

Kigurudumu hicho ni kasta, wa ukoo mmoja na vile vilivyo chini ya kiti cha ofisini. Pindua roboti uikague. Utaona foki ndogo (uma ulioshika gurudumu) inayozunguka kwenye beringi, na ukiangalia vizuri, gurudumu lenyewe halikukaa moja kwa moja chini ya egemeo la foki, yaani pale foki inapozungukia. Limesogezwa kando, tuseme milimita 15. Mwanya huo umewekwa kwa makusudi: ndio unaolifanya gurudumu liburutwe nyuma ya egemeo na kujipanga lenyewe kufuata mwendo. Pasipo mwanya, kasta ingebaki imeelekea ilikoelekea na kukwaruza sakafu njia nzima.

Sasa badili mwelekeo. Gurudumu lililokuwa likiburutwa ghafla linajikuta limetangulia, na huko haliwezi kutulia. Lazima lizunguke digrii 180 ndipo liburutwe tena. Katika kuzunguka huko linaisukuma sakafu kwa upande, na sakafu nayo inalirudishia msukumo. Hapo ni vita kati ya kasta na tairi za mota. Tairi zikiwa na mshiko mzuri, zinashinda na kasta inateleza. Zikiwa za plastiki ngumu, au zimejaa vumbi, kasta inashinda na ncha ya roboti inasogea. Kama egemeo liko sentimita 12 kutoka kwenye ekseli, yaani mhimili wa tairi za mota, milimita 15 hizo zikienda zote upande mmoja zinageuza roboti nzima kwa digrii 7 hivi. Upande gani? Inategemea kasta ilikuwa imelala vipi kabla ya kugeuka. Ndiyo maana safari hii inakwenda kushoto, safari nyingine kulia, na hakuna namba utakayoandika kwenye programu ikatibu hilo.

Dawa ya kwanza haina gharama: punguza uzito juu ya kasta. Chukua roboti ya gramu 800 ambayo kitovu chake cha uzito (pale inapoweza kusawazika juu ya kidole) kiko sentimita 3 kutoka kwenye ekseli, na kasta iko sentimita 12. Kasta inabeba robo ya uzito, yaani gramu 200. Sogeza betri (nne za AA peke yake zinakaribia gramu 100) mpaka kitovu kifike sentimita 1.5 kutoka kwenye ekseli, na mzigo wa kasta unashuka hadi gramu 100. Gramu zilizotoka huko zimehamia kwenye tairi za mota, kwa hiyo upande mmoja umedhoofika na mwingine umepata nguvu kwa tendo lile lile. Ila usipitilize. Kitovu kikikaa juu kabisa ya ekseli, roboti itapiga pua chini kila inapofunga breki.

Wengine huongeza kasta ya pili, moja mbele na moja nyuma, ili isianguke. Hapo ndipo mambo huharibika zaidi. Pointi tatu hukaa imara juu ya ardhi yoyote, kama mafiga. Ukiongeza ya nne, sakafu isipokuwa sawa kuna moja itakayoning'inia, na ikiwa ni tairi ya mota, itazunguka hewani bila kazi. Roomba, roboti ya kufagia iliyotolewa Marekani na kampuni ya iRobot mwaka 2002, ina magurudumu mawili ya mota pembeni na kasta moja mbele, na hata hivyo magurudumu yake yamewekewa springi ili yasiachane na sakafu. Mtindo wa pointi tatu ni wa zamani kuliko kompyuta ndogo zote tunazochezea: “kobe” wawili, yaani roboti za mwanasayansi William Grey Walter, waliotengenezwa Bristol, Uingereza, mwaka 1948 na 1949, walikuwa na magurudumu matatu pia, ingawa kwao lile la mbele ndilo lililosukuma na kukata kona.

Dawa ya pili ni kuondoa foki kabisa na kuweka kasta ya gololi: kijumba chenye gololi ya chuma au plastiki inayoviringika upande wowote. Haina mwanya, kwa hiyo haina kugeuka, na lile tatizo la kurudi nyuma linaisha. Kwa sakafu ya vigae au meza laini, mimi sioni sababu ya kutumia kitu kingine. Lakini gololi ni ndogo, na udogo una bei yake. Tuseme gololi ya kipenyo cha milimita 16 inakutana na ukingo wa mkeka wenye kimo cha milimita 3. Kuupanda kunahitaji msukumo unaozidi uzito inaoubeba, mara 1.25 hivi. Gurudumu la milimita 65 kwenye ukingo ule ule lingehitaji chini ya nusu ya uzito wake. Kwenye zulia, gololi huzama na kulima. Halafu kuna nywele. Nywele na nyuzi hujisokota ndani ya kijumba mpaka gololi inagoma, na roboti inaanza kuiburuta kama jiwe. Ifungue mara kwa mara uisafishe.

Tukija kwenye magurudumu yenyewe, watu hupenda makubwa. Mota ya manjano yenye gia za uwiano wa 1:48 (mota ikizunguka mara 48, tairi inazunguka mara moja), ikipewa volti 6, huizungusha tairi kiasi cha mara 200 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Tairi ya milimita 65 ina mzingo wa sentimita 20 na ushee, kwa hiyo kasi ya juu ni kama sentimita 68 kwa sekunde, ambayo chumbani ni nyingi tayari. Ukifunga tairi ya milimita 100, kasi inapanda kwa nusu na zaidi, lakini nguvu ya kusukuma inabaki asilimia 65 tu ya ile ya mwanzo. Kwa mota dhaifu kama hizi, hiyo ni biashara ya hasara.

La muhimu kuliko ukubwa ni kwamba zilingane. Tairi moja ikiwa milimita 65 na mwenzake 64, zikiachana kwa sentimita 13, roboti itachora duara pana na baada ya mita 2 tu itakuwa imetoka kwenye mstari kwa sentimita 24 hivi. Pima zote mbili kabla ya kufunga, na uangalie kama zinayumba kwenye ekseli. Chagua mpira laini, na nyembamba kuliko pana ikiwa programu yako inahesabu mizunguko ili ijue roboti imegeuka kiasi gani: tairi pana haijulikani inagusa sakafu kwa ukingo wa ndani au wa nje, na hesabu inaharibika.

Ili ujue mkorofi ni nani, bandika utepe ulionyooka sakafuni, peleka roboti mbele mita moja, isimamishe, kisha irudishe. Ikipinda polepole upande ule ule njia nzima, shughulikia tairi na mota. Ikiruka upande ndani ya sentimita chache za mwanzo wa kurudi, kisha ikanyooka, ni kasta. Na kama huna gololi ya kubadilisha, iandikie programu ianze kurudi taratibu sana mpaka kasta imalize kugeuka, ndipo iongeze kasi. Tairi za mota hazitateleza kwa urahisi, na ule mruko utapungua.